Sifuri Tano za Karani

Kila siku ya shule, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, msichana mmoja wa darasa la sita alipanda kilima kilicho nyuma ya shule yao, daftari kubwa jeusi likiwa kwapani. Watu walikuwa wamemzoea. Muuza maziwa alimpigia kengele ya baiskeli na kumwita, "Karani! Leo kuna nini huko juu?" Naye alijibu bila kusimama, "Sijafika bado, mjomba! Nikishuka nitakuambia." Jina hilo la Karani lilimganda mpaka mama yake akawa anamwita hivyo akimtuma dukani. Mwenyewe alipolisikia alinyoosha mgongo kidogo. Ukiwa na miaka kumi na miwili, kuwa karani wa kitu chochote si jambo dogo, na yeye alikuwa karani wa mvua.

Juu ya kilima kile kulikuwa na ofisi ya hali ya hewa, nyumba ndogo nyeupe ya vyumba viwili yenye uzio wa waya na uwanja wa nyasi uliojaa vyombo. Watu watatu walifanya kazi pale kwa zamu, usiku na mchana. Wingu zito likijikusanya walipiga simu bondeni, wakaipigia zahanati, wakawapigia hata madereva wa malori. Kisha siku moja ikaja barua kutoka makao makuu. Ofisi ndogo zote zinafungwa, ilisema, na kazi itafanywa mjini kwa mitambo. Wafanyakazi wawili wakahamishwa, wa tatu akaachishwa kazi, na mlango ukatiwa kufuli.

Mwanzoni watu hawakujali. Shida iko wapi, walisema, na kila mtu ana simu mkononi? Basi shida wakaiona. Fundi paa mmoja alitazama simu yake, ikamwonyesha jua la duara linalong'aa, akabandua mabati ya nyumba nzima ili aweke mapya. Saa nane mchana mvua ikamwagika mpaka ndani ya kabati la vyombo, na mwenye nyumba akamfukuza fundi kwa mwiko. Kumbe lile jua la kwenye simu lilikuwa la mjini, kilomita mia mbili kutoka pale! Mji mzima ulicheka. Bondeni hawakucheka, maana huko wanaishi wafyatua matofali, wanawake kumi na wanne wanaofanya kazi kando ya mto. Tofali bichi likipigwa na maji hurudi kuwa tope. Msimu wa kwanza baada ya ofisi kufungwa, mto uliwajia mara mbili bila taarifa.

Aliyewaokoa ni yule mfanyakazi wa tatu, aliyeachishwa kazi. Watu walimwita Mama Vipimo. Sasa alikuwa anashona sare za shule katika chumba kimoja karibu na posta, lakini akili yake ilibaki kilimani. Aliandika barua, akaandika nyingine, mpaka makao makuu wakachoka naye na kumruhusu abaki na kipimamvua kimoja na ufunguo wa geti. Magoti yake hayakumruhusu tena kupanda kila siku, kwa hiyo akaenda shuleni kuomba mwanafunzi mmoja mwenye mwandiko safi na asiye na papara. Mwalimu wa sayansi akamtoa Karani.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kipimamvua ni mkebe wa bati wenye faneli juu na chupa ndani. Unatoa chupa, unamimina maji kwenye glasi yenye mistari ya milimita, unachuchumaa jicho lilingane na maji, unasoma, unaandika. Saa moja na nusu mwalimu alichukua namba ile na kumpigia simu shangazi yake Karani, dada wa baba, ambaye alikuwa mmoja wa wafyatua matofali. Namba ikiwa chini ya thelathini, aliwaambia waanike. Ikizidi thelathini, walijua wana saa tatu tu za kuhamisha kila kitu juu ya ukingo, kwa sababu maji ya kilimani huchukua saa tatu kuwafikia.

"Mwenzenu mimi naambiwa nianike na mtoto wa kaka yangu," shangazi aliwaringia wenzake. "Nyinyi endeleeni kuangalia simu zenu."

Basi kiangazi kikaja, na kiangazi ndicho kilichomponza Karani. Asubuhi ya kwanza chupa kavu, sifuri. Ya pili kavu, sifuri. Wiki ya kwanza sifuri, ya pili sifuri, ya tatu vilevile. Wakati huohuo timu ya netiboli ilianza mazoezi ya asubuhi kwa ajili ya mashindano ya shule jirani, na Karani alikuwa na mkono mzuri wa kutupia.

"Unapitwa," rafiki yake anayekaa naye dawati moja alimwambia. Huyu walimwita Redio, na ukimsikiliza dakika mbili utajua kwa nini. "Jana tumefundishwa kuzunguka na mpira. Wewe ulikuwa wapi? Kilimani, unaangalia chupa tupu! Hivi chupa tupu inahitaji kuangaliwa?"

"Ni kazi yangu."

"Haya, karani. Kocha ameshaanza kuuliza nani acheze nafasi yako."

Jumatano moja Karani hakupanda. Aliandika sifuri akiwa amekaa kwenye ngazi za darasa, akampa mwalimu daftari. Mwalimu akapiga simu, wafyatua matofali wakaanika, jua likawaka kutwa nzima. Hakuna kilichotokea. Kesho yake alipanda mbio kuhakikisha, akakuta chupa kavu kama alivyoandika. Ndipo wazo likaingia na kukaa. Jumatatu iliyofuata aliketi, akachora mistari kwa rula, na kuandika sifuri tano kwa mara moja, za Jumatatu mpaka Ijumaa, nzuri, za mviringo, zote za wino mmoja. Jumatatu iliyofuata akafanya hivyohivyo. Kwa mwalimu alitaja namba tu, daftari limefungwa kwapani, asije akaona siku ambazo hazijafika. Kocha alipouliza mbona siku hizi anawahi, alijibu, "Napanda mapema zaidi." Ili asikutane na muuza maziwa na swali lake, alibadilisha njia ya kwenda shule.

Alhamisi ya wiki ya tatu ya mchezo huo, walikuwa uwanjani wakirusha mpira. Pale shuleni ardhi ilikuwa kavu na vumbi lilipanda mpaka magotini.

"Huko juu kumefunga," Redio alisema, akionyesha kilima kwa kidevu. Kilele hakikuonekana, kilikuwa ndani ya wingu.

"Wingu la kila siku hilo," Karani alijibu. "Tupa mpira."

Angeweza kupanda, muda ulikuwepo. Alitazama kilima, akatazama mpira, akajiambia kwamba kama ingenyesha si angesikia? Saa moja na nusu alimwendea mwalimu, daftari limefungwa kwapani. Mwalimu naye alitazama juu.

"Wingu lile vipi?"

"Sifuri, mwalimu."

"Umesoma vizuri?"

"Ndiyo, mwalimu."

Mwalimu akapiga simu. Karani alimsikia shangazi yake upande wa pili akicheka na kusema, "Haya! Tunaanika!"

Mto uliwafikia saa nne na nusu. Habari ilifika shuleni saa sita, ikiletwa na mwendesha pikipiki aliyelowa mpaka kiunoni. Matofali elfu sita waliyokuwa wamefyatua kwa ajili ya chumba cha akina mama wajawazito cha zahanati yamekwisha, yote, yamekuwa uji. Na hilo lilikuwa dogo. Mmoja wa wafyatua matofali alikuwa na mtoto wa miezi minne, amemlaza ndani ya beseni chini ya kibanda karibu kabisa na maji, kwa sababu pale ndipo penye kivuli, na kwa sababu walikuwa wameambiwa sifuri. Maji yalipokuja beseni lilianza kuondoka. Shangazi yake Karani aliruka, akalidaka, akamrushia mama mtu mtoto wake, halafu yeye mwenyewe akateleza na mguu ukaingia katikati ya mawe. Umevunjika mahali pawili.

"Mtoto?" mwalimu aliuliza.

"Mzima. Analia tu."

Karani alisikia yote hayo akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya walimu. Hakuna aliyemtazama. Kengele ya chakula ilipolia alitoka kupitia nyuma ya vyoo akapanda kilima bila kupumzika. Nyasi zilikuwa zimelala kwa mvua. Alifungua mkebe, akatoa chupa, ikawa nzito mkononi.

Hapo alifanya jambo ambalo baadaye lilimwia gumu kulisema kuliko yote. Kwanza mikono yake, kwa mazoea, ilipima. Glasi moja ikajaa milimita kumi, akaimwaga kwenye nyasi. Ya pili, akamwaga. Ya tatu. Ya nne. Ya tano ikafika sita na nusu. Arobaini na sita na nusu! Alibaki amechuchumaa akiitazama ile nusu. Kisha nayo akaimwaga, akapangusa chupa kwa ncha ya sketi yake mpaka ikakauka, akairudisha mahali pake na kushuka kama mtu aliyeiba.

Jioni shangazi aliletwa nyumbani kwa kina Karani, mguu ukiwa ndani ya plasta kuanzia kwenye goti, maana kwake hakukuwa na wa kumhudumia. Kitanda kilichokuwa karibu na mlango kilikuwa cha Karani, kwa hiyo ndicho alicholazwa, na Karani akatandikiwa godoro chini. Wakaanza kumiminika watu wa pole. Walikaa, walihesabu hasara, na kila mmoja alikuwa na mtu wa kumlaumu. Mtu huyo alikuwa Mama Vipimo.

"Yule mama ameshaachishwa kazi, angetulia na cherehani yake," alisema jirani mmoja. "Mkebe wa bati! Tunategemea mkebe wa bati!"

"Au labda mtoto ndiye hakusoma vizuri," mwingine akasema polepole.

Shangazi alijiinua kwa kiwiko. "Nani? Huyu? Wee, ukome! Huyu mtoto namjua tangu hajatoka meno. Hapa kwetu kama kuna mtu hajui kudanganya ni huyu. Chombo ni kibovu. Msiniletee maneno ya mtoto wangu, nitawatoa nje na mguu wangu huuhuu mmoja!" Watu wakacheka, maneno yakaisha. Shangazi akageuka, akamshika Karani shavu. "Usijali wewe. Nipo."

Jamani, kuna kutukanwa, halafu kuna kutetewa wakati hustahili. Karani alitamani ardhi ipasuke immeze. Uso ulimwaka moto, na kila shangazi alipomwita "mwanangu" alihisi kama anavaa nguo ya mtu mwingine. Alitaka kusema. Alifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza mama yake aliingia na uji, na mara ya pili hakuna aliyeingia, ila mdomo ulijifunga wenyewe.

Ikapita wiki, na kila siku ya wiki hiyo alipanda kilima alfajiri na mapema, bila netiboli, akasoma chupa kwa makini ya ajabu. Alidhani ataona nafuu lakini hakuona. Alipita mbele ya chumba cha Mama Vipimo akakuta sare zimetundikwa bila mnunuzi, na mwenyewe ameketi mbele ya cherehani iliyonyamaza. Watoto wawili walipita wakiimba, "Mama Sifuri! Mama Sifuri!" Mama Vipimo hakuinua kichwa. Karani alivuka barabara, akaenda upande wa pili.

Jumatatu mwalimu wa sayansi alisoma barua mbele ya darasa. Makao makuu wamesikia yaliyotokea. Wanamtuma mkaguzi Alhamisi, na kama takwimu za pale si za kuaminika, ataondoka na kipimamvua moja kwa moja.

"Kikiondoka, nani atawaambia watu wa bondeni?" Redio aliuliza, safari hii bila utani.

"Hakuna," mwalimu alijibu. "Watarudi kusubiri mto uwaambie wenyewe."

Mkaguzi alifika Alhamisi saa nne, mtu mfupi mwenye viatu vya kung'aa ambavyo kilima kilivimaliza kabla hajafika nusu. Walipanda pamoja naye mwalimu, Mama Vipimo akishika magoti kila hatua kumi, mwenyekiti wa wafyatua matofali, ambaye ni mama mmoja mkubwa asiyependa maneno mengi, na Karani na daftari lake. Mkaguzi alikagua mkebe, akaugonga, akamimina maji na kungojea kama yatavuja. Hayakuvuja. Akafungua daftari, akapitisha kidole chini ya Alhamisi ile.

"Mto ulipanda mita mbili, hapa pameandikwa sifuri. Chombo ni kizima. Kwa hiyo ama kimewekwa mahali pabaya, ama kazi hii haina mwenyewe." Akalifunga daftari. "Mama, najua una nia njema. Lakini namba ya uongo ni mbaya kuliko kukosa namba. Hawa wangekosa namba wangeogopa wingu lile. Nitaondoka nacho."

Mama Vipimo alikuwa anahema bado. Macho yake yalikuwa kwenye ule mkebe.

"Kosa ni langu," alisema. "Pengine nilikiweka karibu mno na ule mti."

Mti wenyewe ulikuwa kule ng'ambo ya uzio, hata mtoto angeona. Mama Vipimo alijua, alikuwa anatafuta tu kitu cha kubeba ili yaishe. Mkaguzi akatoa bisibisi mfukoni, akapiga goti, na skurubu ya kwanza ikalia.

"Usifungue!" Sauti ilimtoka Karani kabla hajajua. Wote wakageuka. "Si mti. Si chombo. Ni mimi. Sikupanda."

"Hukupanda lini?" mwalimu aliuliza.

"Ile Alhamisi. Na siku nyingi kabla yake, karibu wiki tatu. Nilikuwa naandika sifuri za wiki nzima Jumatatu, halafu naenda netiboli."

Mwenyekiti wa wafyatua matofali alimgeukia.

"Na sisi tukaanika," alisema.

Ni afadhali angepiga kelele. Karani alilia, lakini aliona kwamba bado hajamaliza, na kama asipomaliza sasa hatamaliza kamwe. "Maji yalikuwepo. Mchana nilipanda nikayakuta. Nikayamwaga ili msijue."

"Ulimwaga kipimo?" Mkaguzi alishtuka kuliko wote, bisibisi ikamwanguka. "Ulimwaga?"

"Lakini nilipima kwanza. Glasi nne kamili, na ya tano sita na nusu."

"Arobaini na sita na nusu," Mama Vipimo alinong'ona.

Mkaguzi alisimama, akajipangusa magoti. "Umeniandikia uongo wiki tatu. Kwa nini nikuamini leo?"

"Usiniamini," Karani alisema. "Ila ndiyo yaliyokuwepo."

Mkaguzi alifungua mkoba wake, akatoa karatasi moja na kuisoma kimyakimya. Makao makuu walikuwa wamekadiria mvua ya siku ile kwa kuangalia alama za maji kwenye nguzo za daraja. Makadirio yalisema kati ya arobaini na tano na hamsini. Akampa Mama Vipimo karatasi. Kisha akachukua kalamu, akaikata ile sifuri kwa mstari mmoja, akaandika juu yake 46.5, na kumpa Karani kalamu aweke sahihi. Sahihi ile ilikuwa mbaya kuliko maandishi yote aliyowahi kuandika kwenye daftari lile.

Mama Vipimo aliketi kwenye ngazi ya ofisi iliyofungwa, akamwita Karani kwa kidole.

"Kila Ijumaa nilikuwa nakagua daftari hili," alisema. "Niliona sifuri tano za wino mmoja, zimenyooka kama zimechapwa. Mtu aliyetoka kupanda hapa huandika huku anahema. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu nilitaka daftari liwe zuri, makao makuu wafurahi. Kwa hiyo aibu hii tutagawana mimi na wewe. Lakini sikiliza, na ulishike hili. Wewe ulidhani sifuri si kitu. Sifuri nayo ni kipimo, mwanangu. Kwa sifuri yako watu wameanika kazi ya mwezi mzima, na mama amelaza mtoto wake kando ya maji. Ukiiandika bila kwenda kuitazama, umewaambia watu kwamba kuna mtu anawaangalia, kumbe hakuna."

Mkaguzi alisikia. Alitazama kufuli la mlango, ambalo lilishaanza kutu.

"Hili siwezi kulifungua," alisema. "Lakini nitaandika nilichokiona. Watu watatu walikuwa wanafanya kazi hii, tukawaondoa, tukamwachia mtoto mmoja kilima kizima. Hilo si kosa la mtoto." Akarudisha skurubu mahali pake. Kipimamvua kitabaki miezi mitatu kwa majaribio. Watapanda wanafunzi wawili kila siku, na wote wawili wataweka sahihi.

Kurudi nyumbani ndiyo ilikuwa safari ndefu. Alipoingia, shangazi alikuwa ameketi kitandani, mikono mapajani. Redio alikuwa amefika na habari kabla yake, bila shaka.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, shangazi."

"Nilikutetea."

"Najua."

"Nilitukana watu kwa ajili yako. Kwenye kitanda chako hiki." Shangazi akagonga plasta kwa kidole. "Mguu utapona. Lakini siku zote hizi unaniletea uji, unanitazama machoni, unanyamaza!"

"Nisamehe, shangazi."

Shangazi aligeukia ukutani. Siku tatu hakumwambia ila "niletee" na "toa hiki." Karani alileta, akatoa, na Jumamosi akaenda bondeni bila kutumwa, akakanyaga udongo pamoja na wafyatua matofali mpaka visigino vikachanika. Hawakumfukuza, wala hawakumchekea. Mama wa yule mtoto wa beseni alimpa maji ya kunywa, na Karani akayapokea kwa mikono miwili.

Siku ya nne asubuhi shangazi aliuliza, uso bado ukutani, "Nani amepanda leo?"

"Mimi na Redio."

"Umeona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

"Umeona nini?"

"Chupa kavu. Na chungu wawili kwenye faneli, wamepotea njia."

Mabega ya shangazi yalitikisika kidogo. Haikujulikana kama ni kicheko. "Haya. Niletee chai," alisema.

Miezi miwili baadaye plasta ilikuwa imetoka na shangazi amerudi bondeni, akichechemea. Wafyatua matofali walikuwa na sharti moja. Namba isitoke tena kwa mwalimu. Siku ya zamu ya Karani, wanataka kuisikia kwake mwenyewe. Basi kila zamu yake ilipofika, alishika simu ya mwalimu mbele ya ofisi, akataja namba, na shangazi akauliza mbele ya wenzake wote, "Umeona kwa macho yako?" Redio, siku zilizokuwa zake za kutaja namba, hakuulizwa hata mara moja. Karani aliulizwa kila mara, na kila mara masikio yalimwaka. Alijibu, "Kwa macho yangu," na kule bondeni kulikuwa na kimya kifupi, cha watu wanaopima, kabla shangazi hajasema neno.

Aliulizwa hivyo mpaka miezi mitatu ya majaribio ikaisha na barua ikaja kwamba kipimamvua kitabaki. Aliulizwa hata baada ya hapo. Halafu Jumanne moja, juu kukiwa na wingu kubwa jeusi ambalo kila mtu aliliona, alishika simu na kusema, "Shangazi, ni nne tu. Milimita nne."

Akasubiri swali. Alisikia maji ya mto kwa mbali, na sauti za wanawake.

"Haya," shangazi alisema. "Tunaanika." Simu ikakatwa.

Karani alibaki ameishika. Mwalimu alikuwa amesimama karibu.

"Leo hawakukuuliza?"

"Hawakuniuliza, mwalimu."

Mwalimu alipokea simu yake, akaiweka mfukoni. "Walipokuwa wanakuuliza, kupanda kulikuwa rahisi. Ulijua kuna swali linakungoja. Kuanzia kesho hakuna atakayekuuliza, na watu kumi na wanne wataanika kwa neno lako tu. Hapo ndipo uaminifu wako unapoanza, siyo jana."

"Nitapanda, mwalimu," Karani alisema, akaenda darasani.